Cherehani ya Fainali ya Rede

Haya nyie, wekeni hizo simu chini, mnisikilize shangazi yenu. Nina kesi, na kesho asubuhi natakiwa nitoe hukumu mbele ya soko zima. Mimi! Muuza uji! Hahaa!

Kuna wanawake watatu, wote wauza vitunguu. Nyamizi ana mkono. Huyo akirusha mpira unausikia kabla hujauona. Wa pili anaitwa Sikudhani, ana shoto, tena mpole kama hayupo, ila mpira wake unakuja umepinda kama mkia wa mbuzi, hujui utatua wapi. Wa tatu Bi Zamoyoni, kocha wao. Kurusha hajui, kukwepa hawezi, na lile umbo ndo usiseme! Lakini ana jicho. Anakuona unavyotembea, anakwambia kiatu kinakubana wapi.

Basi ikaja fainali ya rede, timu ya Vitunguu na ya wauza Dagaa. Zawadi cherehani mpya, iko mezani inang'aa. Mwenyekiti wa soko katangaza: timu ikishinda, cherehani anapewa mmoja tu, yule aliyeleta ushindi. Mmoja! Wanaume bwana. Kila mtu anaitaka, ila Nyamizi anaiota. Binti yake kamaliza kujifunza ushonaji, yuko nyumbani anashona kwa mkono mpaka vidole vimetoboka.

Rede mnaijua, wawili wanarusha, mmoja huku mmoja kule, wapinzani katikati wanakwepa. Mpira ukikugusa, nje. Vitunguu walishamaliza kukwepa, zamu ikawa ya Dagaa kuingia kati. Wakijaza chupa mchanga, wameshinda. Wakiguswa wote kabla haijajaa, ushindi wa Vitunguu.

Nyamizi akaanza. Paa! Nje. Paa! Nje wewe, na makalio yako! Nacheka mpaka machozi. Akawafagia Dagaa wote, akabaki Mwanne peke yake, mwembamba kama njiti ya kiberiti.

Hapo kicheko kikaniisha. Mwanne anakwepa, anachota mchanga, anakwepa, anachota. Nyamizi anarusha kwa hasira, mpira unampita Mwanne, unampita hata mwenzie wa upande wa pili, unaishia kwenye magunia huko. Wakiufuata, Mwanne anajaza. Chupa imefika shingoni.

Bi Zamoyoni akasimama. "Nyamizi, toka. Mpe Sikudhani mpira."

Weee! Soko likalipuka. "Mama umelogwa?" "Kawatoa wote huyo!" Na mimi nilipiga kelele, sikatai.

Nyamizi akasema, "Mama, mkono wangu bado una nguvu."

"Najua. Hiyo nguvu ndo inamjazia chupa."

"Mama, cherehani ile..."

"Naijua, mwanangu. Toka."

Akatoka, machozi yanamtoka. Akapita hapa kwenye ndoo yangu ya uji, Sikudhani alipokuwa akisubiri zamu, akamkabidhi mpira. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini nilimsikia kwa masikio haya, "Anarukia kulia kila mara. Mguu wa kushoto unamuuma."

Sikudhani akarusha polepole. Akakosa! Ila safari hii mwenzie kaudaka, mpira ukarudi papo hapo. Mwanne kapata konzi moja tu ya mchanga. Bado konzi nyingine chupa ijae. Soko lote likasogea mbele. Sikudhani akarusha tena, mpira ukapita hewani kule kulia ambako hakuna mtu. Mwanne akaruka. Akaufuata mwenyewe! Pu, kiunoni.

Nilimwaga ndoo nzima. Nzima!

Sasa sherehe haijapoa, mwenyekiti anauliza, "Haya, nani apewe?"

Nyamizi akasema, "Timu nzima nimeitoa mimi. Na huyo wa mwisho, siri yake nimeitoa mimi."

Sikudhani, ambaye hata salamu anaitika kwa kichwa, siku hiyo akafunua mdomo. "Siri haimgusi mtu. Nimeingia chupa iko shingoni. Ningekosa, lawama mngempa nani?"

Bi Zamoyoni akajishika kiuno. "Na mimi ningewasikiliza nyie na kelele zenu, chupa ingejaa. Hamkusema nimelogwa hapa?"

Mzozo! Vijembe! Mwenyekiti kaona khanga zinafungwa viunoni, akachomoka. "Aamue mama uji, yeye anawauzia wote." Akaenda zake, mwoga yule.

Tangu hapo sijalala vizuri. Nikimpa Nyamizi, nani atakubali tena kuingia chupa ikiwa shingoni? Nikimpa Sikudhani, kesho atakayetolewa ataondoka na siri yake moyoni. Bi Zamoyoni hakuugusa mpira hata kwa kidole, lakini nikimnyima, nani atathubutu kuamua jambo huku soko zima linamzomea? Na yule binti wa Nyamizi kapita asubuhi kunywa uji, kikombe kakishika kwa vile vidole vyake vilivyotoboka.

Haya, msinitumbulie macho. Wewe hapo unayetafuna, anza: ungekuwa mimi, cherehani ungempa nani?