Kwa Nini Mrehani wa Idi Hutolewa na Udongo Wake

Usiku wa manane ilisikika sauti ya kutafuna nyuma ya jiko la Mize, taratibu, bila haraka, na Mize hakutoka kutazama, kwa sababu mwanawe Shani alikuwa na homa na alikuwa amemshika kidole, hataki kukiachia.

Wakati huo zawadi ya Idi haikuwa na mizizi. Pale kijijini ni Mize peke yake aliyekuwa na mrehani. Kila sikukuu alikata matawi, akayafunga vishada, akawagawia majirani. Wakimwomba mche alicheka, akasema kwao kuna kivuli, utakufa tu. Kumbe alipenda waje mlangoni kwake, waombe, na mwakani waje tena.

Basi mwaka ule mvua ikagoma, mbuzi wakawa wanavunja nyua, na maradhi yakaingia kwa watoto, mtoto anakataa chakula, anageuza uso, anakonda huku unamwona. Shani alibakiwa na kitu kimoja tu alichokubali kumeza, mchuzi wa samaki wenye mrehani; akisikia ile harufu alifungua mdomo. Sasa asubuhi Mize anatoka na kisu chake, anakuta nyuma ya jiko ardhi tupu. Mbuzi walikuwa wamemaliza kila kitu.

Alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba hata jani moja. Hakuna aliyemnyima, na hilo ndilo linaloniuma mimi. Hapakuwa na cha kumpa. Jirani yake Riziki alimwambia wazi:

"Mwenzangu, ulitupa majani. Tuliyala siku ileile."

Mtoto wangu yuko mgongoni ninapowahadithia, kwa hiyo hapa huwa napita mbio. Shani alifumba mdomo, na hakuufungua tena.

Mvua iliporudi, shina moja lililobanwa chini ya jiwe lilichipua. Mize hakutia hata jani moja chunguni. Alikata, akapandikiza, akapandikiza tena, akasuka vikapu vya ukindu na kuvijaza udongo. Mkesha wa Idi alianza kuvigawa kwa Riziki, na Riziki alipotaka kushukuru, akamzuia.

"Usinishukuru. Na usimwambie mtu kwamba nimekuletea. Watasema nimejua kutoa baada ya kuzika."

Riziki alikipokea kikapu chenye mche na mizizi yake, akamwahidi. Nyumba ya pili Mize aliomba hivyo hivyo, na iliyofuata, mpaka kila jiko likanukia mrehani na kila mtu akanyamaza, akimficha jirani kitu ambacho jirani naye anacho.

Na tangu siku hiyo kikapu cha sikukuu hutolewa kikiwa hai, na udongo wake, na siku hizi watu huongeza mnanaa na kotmiri. Anayepewa hasemi ahsante. Hukipokea kwa mikono miwili, akamtazama aliyekileta, akamwambia yale aliyoyasema Riziki:

"Sitamwambia mtu mwingine."