Bi Kindi Akataa Kufungua Ghala

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuweka akiba kama sisi, palikuwa na bonde lenye sheria moja ngumu. Sogeeni karibu. Na wewe unayependa kuchungulia vyungu vya wenzako, kaa hapa mbele, maana hadithi hii ni yako.

Sheria ilikuwa hivi: kabla ya mvua, kila nyumba ithibitishe kwamba ina mbegu za kupanda. Asiye na mbegu ahame. Msiione mbaya. Kuna mwaka baadhi yao walikula mbegu zao, halafu wakaenda kufukua za majirani shambani, na bonde zima likakaa na njaa.

Mkuu wa bonde alikuwa Mzee Tembo. Kwa kuwa hakuna mlango uliomtosha, kazi ya ukaguzi alimpa Nyani, naye Nyani akaipenda kupita kiasi. Alibisha kila nyumba, ko ko ko, akaingia mpaka ghalani, akatumbukiza mkono mpaka kwapani, kisha akarudi kwa Mzee kusema kwa nani kumejaa na kwa nani kumepungua.

Asubuhi moja Kanga alikuja kwa jirani yake Kindi akilia.

"Shoga yangu, nimekwisha. Juzi Nyani alikagua kwangu, akakuta ghala limejaa mpaka mlangoni. Leo nimeamka, hamna hata punje."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Nikisema nitaambiwa nihame, na mayai yangu yako karibu kuanguliwa."

Kindi naye alikuwa na watoto wachanga, hata macho hawajafumbua. Akipoteza mbegu zake, atawabeba kwenda nao wapi? Hasira ikampanda mpaka mkia ukavimba.

"Usimwambie mwingine," akasema. "Nenda katafute vibuyu vitatu. Vitupu. Ukivipata, niletee."

Kanga hajafika mbali, ko ko ko, Nyani huyo mlangoni.

"Bi Kindi, ukaguzi. Ghala liko wapi?"

"Ghala langu halionyeshwi."

"Nani kasema?"

"Mimi mwenye nyumba."

Nyani akacheka meno yote nje. "Kama una mbegu, unaogopa nini?"

"Naogopa kwa sababu ninazo," Kindi akajibu, akafunga mlango, pwaa.

Nyani akakimbia kushtaki. Baraza likaitwa kiwanjani, na Nyani akakaa mahali pake pa siku zote, kando ya Mzee, kwenye udongo laini, maana makalio yake hayakupenda mawe.

"Kindi," akasema Mzee Tembo, "sheria haijui mkubwa wala mdogo. Utafungua au utahama."

Kindi hakurudi nyuma. "Mzee, sifungui na sihami. Ukaguzi siukatai, bila huo tutakufa njaa. Ninachokataa ni mtu mmoja kujua kila ghala lilipo na lina nini ndani. Hebu niambie, wewe unataka kujua kama ninazo mbegu, au unataka kujua ninaziweka wapi?"

Tembo akapepea masikio, akafikiri. "Kama unazo. Mengine hayanihusu."

"Basi kila nyumba ilete vibuyu vitatu, vimejaa mbegu, vimezibwa kwa nta. Tulete wote kwa pamoja, kibuyu kimoja kisionyeshwe na nyumba mbili. Wewe ufumbe macho, mkonga wako uchague kimoja katika vile vitatu, tukipasue. Mbegu zake ziende shamba la wote. Viwili virudi nyumbani na nta yake."

"Na hivyo viwili vikiwa vya mchanga?" Nyani akadakia.

"Anayetia mchanga atajuaje mkonga utaangukia wapi? Atakuwa amecheza kamari na nyumba yake." Kisha Kindi akainama kwa adabu. "Na Bwana Mkaguzi naye alete vyake, atuonyeshe mfano."

Wanyama wakapiga makofi. Nyani angekataaje mbele za watu?

Lakini Nyani, tangu apewe ukaguzi, hakushika jembe. Alikusanya masazo ya alivyokwisha kula, akajaza kibuyu kimoja. Viwili akatia mchanga, akaziba nta vizuri sana. Kindi naye hakupumzika. Alifukua mbegu, akabeba mashavuni, akafukua tena. Alijaza vibuyu vyake vitatu, akajaza na vingine vitatu. Vya nani? Tulieni.

Siku ikafika. Mzee Tembo akafumba macho. Kibuyu cha Kindi kikapasuliwa, mtama mwekundu ukamwagika, chwaaa. Vingine viwili akarudishiwa. Ikaja zamu ya Kanga. Kibuyu kikapasuliwa, chwaaa, mtama tena, mzuri, umejaa.

Nyani akaruka juu. "Haiwezekani! Kanga hana mbegu. Ghala lake halina hata punje moja!"

Wanyama wote wakamgeukia.

Mzee Tembo akafumbua jicho moja. "Wewe uliniambia limejaa mpaka mlangoni."

"Ndiyo, Mzee, lakini..."

"Nani amekuambia limekwisha?"

Kanga hakumwambia mtu isipokuwa Kindi, na Kindi, aliyekuwa anajikuna sikio, hakulitoa neno hilo kwa yeyote. Mwingine aliyejua ni yule aliyelimaliza.

"Basi muulizeni hizo amezitoa wapi!" Nyani akafoka.

"Sheria inauliza kama anazo," Kindi akasema. "Anazo."

"Anazo," akasema Mzee Tembo. "Sasa lete vyako."

Akafumba macho tena. Nyani, kwa ncha ya mguu, akakisukuma kile kibuyu chema mpaka chini ya mkonga. Mkonga ukakinusa, ukakipita, ukakamata kingine. Kikapasuliwa, na mchanga ukamwagika mbele ya wote. Nyani hakungoja kuambiwa ahame. Alikata mbuga, na bonde lile halikumwona tena.

Kanga aliatamia mayai yake mpaka mwisho, na watoto wa Kindi wakafumbua macho nyumbani kwao.

Mvua iliponyesha, wanyama walikwenda kiwanjani wakakuta mtama umechipua kwa wingi kando ya mahali pa Mzee Tembo, pale pale penye udongo laini. Ndipo walipoelewa. Ghala la Kindi lilikuwa pale siku zote, na mkaguzi alikuwa amelikalia.

Basi, watoto wangu: anayedaiwa ushahidi autoe, na siri yake abaki nayo.