Kibaba cha Unga na Kibaba cha Mahindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kuteta na majirani kama sisi, Kiboko alikuwa na ghala kubwa kando ya mto. Mwaka wa njaa alikopesha unga kwa sharti moja: ukikopa kibaba cha unga, utarudisha kibaba cha mahindi.

Mama Digidigi, mjane mwenye watoto wawili, alikopa vibaba vitatu. Kiboko aliuchekecha unga kwanza, kisha akaumimina polepole, fyuuu, ukajaa kibaba bila kushindiliwa. Digidigi aliona, akapokea hivyo hivyo. Mwomba chumvi huombea chungu chake, na chake kilikuwa kitupu.

Mvua ilirudi, akavuna kidogo. Siku ya kulipa, mbali na konzi chache za kuwalisha watoto, alibakiwa na vibaba vitatu tu vya mahindi, na kimoja kilikuwa cha mbegu. Akikitoa hicho hatapanda, na asipopanda wanawe watalala njaa tena.

Akaenda kwa Kiboko na vibaba viwili.

"Bwana Kiboko, unga ni mwepesi. Vibaba vyako vitatu vya unga ni uzito wa viwili vya mahindi. Naomba tupime kwa mizani."

Kiboko akapiga mwayo mpaka magego yakaonekana. "Mimi mambo ya mizani siyajui. Kibaba kikijaa kimejaa. Uzito haunihusu."

"Hata mbele ya majirani utasema hivyo?"

"Mbele ya majirani nitasema kwa sauti zaidi. Kesho lete mahindi, vibaba vitatu vilivyojaa, usinichoshe."

Digidigi alirudi nyumbani amekasirika, na hofu pia alikuwa nayo. Akaweka kikaango motoni awakaangie watoto punje chache. Pa! Punje moja ikaruka nje.

"Mama, tazama, imekuwa kubwa," akasema kitindamimba.

Digidigi akaiokota. Ilikuwa kubwa kweli, lakini mkononi haikuwa kitu. Akaigeuzageuza. Kisha akachota konzi mbili za mahindi, akafunika kikaango. Pa, papa, papapapa!

Kesho yake, majirani wote wakiwa ghalani, Kiboko alirudia kwa sauti kuwa kibaba kikijaa kimejaa, uzito haumhusu. Digidigi akajaza kibaba cha kwanza mbele yake.

"Hii nini?" Kiboko akauliza.

"Mahindi, bwana."

"Hizi ni bisi."

"Bisi ni mahindi yaliyopita motoni, kama unga wako ulivyokuwa mahindi yaliyopita kinuni. Kibaba hakijajaa?"

Nungunungu, jirani yake, akachungulia. "Kimejaa mpaka kinamwagika."

Kiboko akakinyanyua. "Mbona hakina uzito hata kidogo?"

Majirani wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata. Kiboko akatambua alichosema, masikio yakamlala.

"Basi tupime uzito," akasema kwa sauti ya chini.

Digidigi alikuwa amekuja pia na vibaba vyake viwili vya mahindi, ufito na vikapu viwili. Akauning'iniza ufito kwa kamba katikati, kila ncha kikapu chake. Huku akatia kibaba cha mahindi, kule kibaba cha unga wa Kiboko. Ufito ukainama, ti, upande wa mahindi. Akaongeza unga kidogo, akaongeza tena. Ulipofika kibaba na nusu, ufito ukatulia sawasawa.

"Kibaba na nusu cha unga ni kimoja cha mahindi," akasema Nungunungu. "Basi vitatu ni viwili."

Digidigi akampimia Kiboko vibaba viwili vya mahindi mazuri, yasiyo na wadudu.

"Haki yako hii," akasema. "Na ahsante, bwana. Bila unga wako wanangu wasingekuwa hai." Alisema kweli, wala hakuwa akimkejeli.

Kiboko akapokea, akaingia ghalani taratibu. Digidigi akaenda moja kwa moja shambani, akapanda kibaba chake cha mbegu kabla jua halijawa kali.

Wanangu, anayechagua kipimo cha kumpunja mwenzake ajue kuwa siku moja naye atapimiwa nacho.