Kidari cha Posa na Maalim wa Dashibodi

Kaeni vizuri, kila mmoja atafute pa kuegemea, maana leo siwapi hadithi ya kusikiliza tu. Nawapa kazi. Kuna kijana amesimama na sahani mkononi, hajui aiweke mbele ya nani, na mimi nimemfikiria mpaka kichwa kimeniuma. Basi mnisaidie nyinyi. Ila msinikatize, na wewe uliyekwisha kufungua mdomo, ufunge kwanza.

Walikuwepo watu watatu wa familia moja, Tanga mjini, kila mmoja kajaliwa lake.

Shangazi Mwanakombo alijaliwa sikio. Alikaa Maskati miaka mingi akipika kwenye nyumba za watu, akarudi na Kiarabu cha jikoni, cha sokoni na cha kugombana. Cha vitabuni hana habari nacho. Lakini Mwarabu anong'one chumba cha pili, Shangazi atakwambia kasema nini na kamsema nani.

Mjomba Mwinjuma alijaliwa salamu. Huyo hapiti mtu hivi hivi. Atauliza habari za mwenyewe, za watoto, za ule mguu uliokuwa unauma, za mbuzi aliyepotea mwaka juzi. Mkewe akimtuma chumvi dukani, huanza kula bila chumvi.

Zuberi, mpwa wa Mjomba, alijaliwa kurudi nyuma. Mnacheka? Ndiyo, kurudi nyuma. Aliendesha foklifti bandarini tangu ujana wake, na kazi ile nusu yake ni rivasi. Kwenda mbele anaendesha kama watu wengine, tena wapo wanaomzidi. Lakini mpe gari arudi nyuma, utadhani ana macho kisogoni.

Na mdogo wake Zuberi, Hemedi, yeye alijaliwa mchumba. Ndiyo mwanzo wa balaa lote.

Mchumba mwenyewe ni Sauda, binti wa Mzee Shekiondo wa Kwemhasha, huko juu kabisa kwenye milima ya Usambara. Alishuka Tanga kujifunza ushonaji, wakaonana, wakapendana, akarudi kwao. Hemedi akatuma ujumbe kuomba siku ya kupeleka posa. Jibu la mzee likaja: "Karibuni Jumamosi. Mfike kabla ya adhuhuri. Alasiri nina wageni wengine kutoka Korogwe, na wao wanakuja kwa shughuli hiyo hiyo."

Sauda naye akapiga simu. "Hemedi, baba hana ubaya na wewe. Lakini akishawaambia watu wa Korogwe ndiyo, ndiyo ile haitoki. Nakuomba, msichelewe."

Tangu hapo Hemedi chakula kilimshinda.

"Unahofia nini?" Zuberi akamwambia. "Tunakwenda na gari langu jipya."

Gari lenyewe lilikuwa limeshuka melini juzi tu, limepitia Dubai, viti bado vina nailoni na hakuna anayeruhusiwa kuitoa. Katikati ya dashibodi pana kioo kikubwa kinachoonyesha ramani na kumwelekeza dereva njia kwa sauti. Zuberi alikuwa akikipangusa kwa leso yake ya Idi. "Hili haliulizi mtu," alisema. "Linajua lenyewe."

Fundi akaliingizia jina la Kwemhasha. Alipojaribu kulibadilisha lugha, kioo kikazima, kikawaka, kikaleta maandishi ambayo hata fundi hakuyajua kichwa wala miguu. Zuberi akapiga kelele, "Rudisha lilivyokuwa! Usinichezee gari!" Likarudishwa, na hakuna aliyeuliza limerudishwa kwenye lugha gani.

Jumamosi asubuhi wakaondoka. Zuberi kwenye usukani, Mjomba mbele kwa kuwa ndiye msemaji wa posa, Shangazi nyuma na kapu la posa mapajani, Hemedi pembeni yake anatafuna kucha. Mombo wakapita, mlima wakaupanda, lami ikaisha. Simu zikapoteza mtandao. Hapo Zuberi akasema, "Mpaka hapa nilikuwa najua mwenyewe. Sasa tumwachie mwenye kazi yake." Akabonyeza.

Ikatoka sauti ya kiume, nzito, ya taratibu, Kiarabu kitupu.

Mjomba Mwinjuma akashtuka, akavaa kofia yake, akainua mikono. "Amina," akasema.

Hemedi akainua mikono. "Amina."

Zuberi akaachia usukani mkono mmoja. "Amina, yarabi."

Sauti ikasema tena, safari hii kwa mkazo. Wakaitikia kwa mkazo. Ikasema mara ya tatu, na Mjomba, machozi yanamlengalenga, akasema, "Jamani, kumbe hata magari siku hizi yanaomba dua ya safari. Amina! Amina!"

Nyuma huko Shangazi alikuwa ameinamia kapu, mabega yanamtikisika. Wao wakadhani na yeye ameguswa. Alipopata pumzi akasema, "Nyie, mnaitikia amina kitu gani? Mtu anawaambia pindeni kushoto! Na kona yenyewe mmeshaipita!"

Zuberi akarudisha mkono kwenye usukani.

"Kwa sauti ile?" Mjomba akauliza.

"Kwa sauti ile ile."

"Basi huyu kasoma," akasema Mjomba, na tangu hapo hakumwita mashine tena, alimwita Maalim.

Wakageuza, na kazi ya Shangazi ikaanza. Njia za kule juu nazijua mimi, zinagawanyika kila ukikohoa: hii inakwenda shambani kwa mtu, hii msikitini, hii inarudi ulikotoka. Penye kila njia panda Maalim akisema, Shangazi anatafsiri. "Kulia. Si huko, kulia! Sasa iache hiyo, shika ya pili." Wasingekuwa na yeye, wangekuwa wanaitikia amina mpaka wakatokea Kenya.

Wakafika mahali njia inateremka bondeni. Maalim akasema, Shangazi akatafsiri: "Nyoosha tu, moja kwa moja." Zuberi akanyoosha. Njia ikabana: mkono huu ukuta wa mlima, mkono ule korongo ambalo Hemedi alilichungulia mara moja tu.

Kwa mbele akatokea mama mmoja na tenga la kabichi kichwani, akajibana ukutani wapite.

"Simamisha," Mjomba akasema.

"Mjomba, jua linapanda!"

"Simamisha. Yule mama tunampita na hajasalimiwa."

"Tutamsalimia tukirudi!" Hemedi akalia. "Mjomba, nakuomba, Sauda anaozwa!"

Mjomba akashika kitasa. Alifungua mlango, gari linatembea. Zuberi alipoona mlango wa gari lake jipya unakwenda kusuguana na mlima, alikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Mjomba akateremka, akasalimia. Na alisalimia kweli! Habari za asubuhi, za nyumbani, za wazee, za mvua, za kabichi. Mama wa watu akatua tenga akajibu moja moja. Zuberi akapiga honi, Mjomba akampungia mkono kumshukuru. Shangazi akasonya mpaka midomo ikamkauka. Mwishowe Mjomba akarudi, akakaa, akafunga mkanda.

"Mama ni mzima," akasema, "watoto wazima, ila yule wa pili alikuwa na homa, sasa hajambo. Mumewe kaenda Soni. Na daraja hakuna."

"Daraja gani?"

"La huko mbele, baada ya kona. Lilichukuliwa na maji masika haya. Watu wa Kwemhasha siku hizi wanapita njia ya juu, tumeiacha kule nyuma."

Maalim akanena. Wote wakamgeukia Shangazi.

"Bado anasema nyoosha," akasema, kwa sauti ndogo.

"Maalim hajasalimia mtu," akajibu Mjomba.

Hemedi alishuka akakimbia hadi kwenye kona, akarudi uso umempauka. Kweli. Njia inaisha, chini kuna maji na mawe, na mwenye kuifikia kona ile kwa gari asingewahi kusimama.

Sasa, kujua kwamba huko siko ni jambo moja, kutoka ni jambo jingine. Gari haligeuki pale. Njia ni upana wa gari na kiganja, tena wameteremka kona juu ya kona. Hemedi akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya posa. "Basi," akasema. "Basi, nimekosa mke."

Zuberi akamwinua, akamsukumiza garini. Akachana nailoni ya kiti chake ili asiteleze. Akakunja vioo vya pembeni, akaning'iniza kichwa dirishani, akaangalia nyuma, akatia rivasi. Gari likaanza kupanda mlima kinyumenyume. Kona ya kwanza, likapita. Kona ya pili, tairi likaangusha mawe korongoni, Shangazi akafumba macho akaanza kusoma kila alichokijua. Maalim alikuwa amepandwa na wazimu. "Anasema geuza gari!" Shangazi akatafsiri akiwa amefumba macho vile vile. "Anasema tena geuza gari! Sasa anasema geuza gari unapoweza!" Zuberi alikuwa anaimba kidogo kidogo, kama mtu anayekoga. Kona ya mwisho, wakatokea kwenye njia ya juu, na mlango haukuwa na mkwaruzo.

Maalim akatulia, akakubali njia mpya, na Shangazi akatafsiri zile njia panda zilizobaki. Wakaingia Kwemhasha wakati wanaume wanatawadha kwa sala ya adhuhuri. Maalim akasema neno lake la mwisho.

"Anasema mmefika mwendako," Shangazi akasema.

"Amina," wakaitikia wote, na safari hii hakuna aliyecheka.

Watu wakaswali, wageni wakakaribishwa mkekani, Mjomba akazungumza maneno ya posa kwa salamu ndefu mno, na Mzee Shekiondo, anayependa mtu mwenye salamu, akayapokea vizuri. Likabaki jibu. Lakini kabla ya jibu ikaletwa sahani, na juu yake kidari cha mbuzi, kizima, kinatoa moshi. Toka alfajiri hakuna aliyekula.

"Kwenye ukoo wangu," Mzee Shekiondo akasema, "kidari cha mbuzi wa posa hakikatwi wala hakigawanywi. Anapewa mtu mmoja, aliyefikisha ugeni. Ni nani?"

"Mimi," wakasema watatu kwa pamoja.

Ala! Wakatazamana.

"Mimi," Shangazi akasema, "kwa kuwa bila mimi mngekuwa bado mnaomba dua penye njia panda."

"Wewe ndiye uliyetuambia tunyooshe kwenye shimo," Mjomba akasema. "Bila salamu zangu tungekuwa mtoni saa hizi."

"Salamu zako nusura zitucheleweshe kwa watu wa Korogwe," Zuberi akasema. "Na mlipojua daraja halipo, nani aliwatoa? Mngekuwa mmekaa pale na kabichi."

"Na nani alitupeleka pale, kwa kuringia gari lisilouliza mtu?" wakamjibu wote wawili.

Mzee Shekiondo akainua mkono. Akaichukua sahani, akaiweka mikononi mwa Hemedi.

"Aamue huyu," akasema. "Anayetaka binti yangu ataishi na watu wengi waliomtendea mema. Nataka kuona anashukuru vipi. Akishatoa kidari, nitatoa jibu. Na nikiona hajui aliyemsaidia, basi."

Nyuma ya pazia Sauda alikuwa amesimama, na pazia lilikuwa linacheza. Na chini kule kwenye kona za kijiji, honi ikalia. Watu wa Korogwe wamewahi.

Haya, mtazameni Hemedi. Akimpa Shangazi, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Mjomba atanyamaza, na msemaji wa posa akinyamaza, nani atajibu atakapoulizwa neno la mahari? Akimpa Mjomba, Zuberi ataondoka na gari lake, na Hemedi atateremka milima ya Usambara kwa miguu. Akimpa Zuberi, Shangazi atalia, na Hemedi hajawahi kumliza Shangazi, hata siku moja, na anampenda kuliko anavyoweza kusema.

Nawaona mnavyonitazama. Wewe unayetaka kikatwe vipande vitatu, mzee kashasema hakikatwi, ulikuwa umelala? Wewe unayetaka kumtaja mama wa kabichi, hakuwepo mkekani. Na wewe mwerevu unayetaka apewe Maalim, Maalim hali nyama.

Hemedi amekwisha kuinuka. Sahani inamuunguza vidole. Ametazama pazia mara moja, amewatazama watu wake watatu, ameinua mguu, na gari la Korogwe linazima injini mlangoni. Mguu ule aushushe mbele ya nani? Semeni nyinyi, mmoja mmoja, na kila mtu aseme na sababu yake.