Hodi Kabla ya Droni

Hata arukaye hubisha hodi. Mmeisikia methali hii leo kisimani, wajukuu zangu, mkauliza imetoka wapi. Sikilizeni ilivyoanza.

Upande wa Manyoni, kampuni moja ilifyeka pori ikapanda alizeti, shamba ambalo jicho haliuoni mwisho wake. Pembeni ilibaki miti michache, na humo Mbeleje, mjane wa Kigogo, alitundika mizinga yake. Nyuki wake walishinda kwenye alizeti na kurudi jioni. Asali yao ndiyo iliyomlisha na kumvisha.

Mwaka mmoja viwavi waliingia shambani. Kampuni ikaleta droni ya kupulizia dawa, na Yaredi, kijana wa Njombe, wa kuiongoza. Asubuhi moja Mbeleje akasikia mngurumo juu ya paa lake. Maua yalikuwa yamejaa nyuki! Akavua kanga ya kichwani, akakimbilia katikati ya alizeti huku akiipunga.

Yaredi alipomwona aliitua droni kabla haijamwaga hata tone, akamfuata mbio.

"Bibi, ungelowa dawa!"

"Na nyuki wangu je? Unanipita juu kama mwewe! Kwenu hakuna hodi?"

"Shikamoo, bibi. Lakini mimi sipiti mlangoni, napita juu."

"Marahaba. Mvua nayo hupita juu, mbona hutanguliza ngurumo?"

Yaredi akacheka, kisha akawatazama nyuki, asicheke tena. "Viwavi wanakula, bibi, na bosi anataka kazi iishe. Nifanyeje?"

"Jioni nyuki hulala. Njoo unibishie hodi, nizibe mizinga."

"Na dawa hii ikilala usiku mmoja hukauka, haiwadhuru tena," alisema Yaredi. Akampigia simu bosi wake, akabembeleza mpaka akakubaliwa.

Jioni aliiacha droni chini, akaenda kwa miguu mpaka uani. "Hodi hapa!"

"Karibu, mjukuu wangu."

Akamshikia ngazi mpaka mzinga wa mwisho ukazibwa kwa majani. Ndipo akairusha droni.

Asubuhi Mbeleje alizibua mzinga wa kwanza. Kimya. Kisha nyuki mmoja akachungulia, akaruka, na wenzake wakamfuata wakivuma kuelekea kwenye alizeti. Mbeleje akakaa chini, akacheka mpaka machozi.

Tangu hapo Yaredi hakurusha droni bila kufika uani kwanza, na majirani wakimwona anakuja walitaniana. Utani ukawa usemi. Leo mkubwa akitaka kumpita mdogo bila kumwuliza, huambiwa: hata arukaye hubisha hodi.