Kidogo cha Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko yao, Bi Kindi alikuwa akipika roho juu. Kijijini kwao jirani akipita wakati wa mapishi, ni lazima aonjeshwe chumvi. Kumnyima ni aibu. Na Fisi, mlafi yule, alikuwa hakosi kupita.

"Hodi, Bi Kindi. Naonja kidogo tu."

Kidogo gani! Fyooo, sufuria la kunde likabaki na masizi matupu. Watoto wa Kindi wakanywa maji, wakalala. Kesho yake tena, na keshokutwa. Kindi alitamani kumfukuza, lakini meno yale angeyafukuza nani?

Ikafika siku ya kuchimba kisima cha kijiji. Wanyama wote walikuwepo, na Nyati ndiye msimamizi. Kindi akaona ni hapa hapa.

"Bwana Fisi," akasema kwa sauti tamu, "wenzetu wananicheka. Eti huonji kidogo, unamaliza."

Fisi akavimba. "Kila mtu na kidogo chake. Chako ni kijiko. Changu mimi ni mpaka kiishe. Kuna anayebisha?"

Wanyama wakatikisa vichwa. Kindi moyo ukamdunda, du, du, du! Nusura acheke.

"Bwana Nyati, leo kila mtu achimbe kiasi gani?"

"Kidogo kidogo tu," akasema Nyati.

Kindi akaparura udongo, paru paru paru, akakung'uta mikono. Swala akachimba chake. Nyati naye akachimba, kisha akampa Fisi jembe.

Fisi akagusa ardhi mara moja, akalitupa. "Kidogo changu hicho."

"Hapana," akasema Nyati, pembe zimeinama. "Chako ni mpaka kiishe. Umetuambia mwenyewe, na hatukubisha."

Wanyama wakaangua kicheko. Fisi akachimba, pu, pu, pu, ulimi nje, mpaka jua likaanza kushuka. Harufu ya kunde kutoka jikoni kwa Kindi ikamfikia shimoni.

"Bi Kindi, jirani yangu, nionjeshe japo kidogo."

Kindi akaja mbio, akamteremshia kijiko kimoja.

"Ndiyo nini hii?"

"Kidogo changu, Bwana Fisi. Chako umesimama ndani yake, na maji bado hayajatoka."

Akarudi kwake. Watoto wakala, wakashiba, wakalamba vidole, naye akawatazama huku akicheka peke yake.

Basi nanyi, kipimo mnachojipakulia mezani, kishikeni hicho hicho shambani.