Mtungi wa Alama Tatu

Mtu mmoja aitwaye Ambokile alikuwa na mama mfinyanzi, na mama huyo hakuwa na kidole cha shahada katika mkono wake wa kulia. Palipokuwa na kidole palibaki kigutu, laini kama kokoto ya mtoni. Ambokile, mzaliwa wake wa mwisho, hakuujua mkono mwingine. Huo ndio uliomlisha, uliomwogesha, uliomchapa. Alipougua homa alilala amekishika kile kigutu, na hakuwahi kuuliza kilitokana na nini, maana mtoto haulizi kwa nini mama yake yuko kama alivyo.

Wageni walipokuja na kamera kupiga picha za vyungu, mama aliuficha mkono chini ya khanga na kuugeuza uso. Kwa hiyo alipokufa hakuacha picha hata moja.

Ambokile alikuwa mjini wakati huo, ana kazi yake na simu nzuri. Uchungu ulipomzidi aliiomba akili mnemba ya simuni imchoree mama yake. Akaiandikia: mama wa makamo, mfinyanzi, ameketi chini, anatabasamu, mikono ina udongo. Mashine haikumjua mama huyo. Ilichokijua ni akina mama wengi, picha maelfu kwa maelfu, nayo ikawaponda pamoja kama udongo wa mashimo mengi, ikamfinyanga mmoja. Alikuwa mzuri. Vidole vya mkono wake wa kulia vilitimia vitano.

Ambokile aliliona kosa. Kidole chake kilisimama juu ya kioo, tayari kulisahihisha. Kisha akasema moyoni, "Mwache. Apumzike akiwa mzima." Akaichapisha picha kubwa, akaitundika sebuleni, na kila asubuhi akaiamkia, "Shikamoo, mama." Mwezi wa kwanza aliitazama picha akamkumbuka mama. Mwezi wa sita alimkumbuka mama, na picha ndiyo iliyokuja.

Kwao kulikuwa na desturi. Mfinyanzi akitimiza mwaka kaburini, mtungi wake wa mwisho huletwa mbele ya ukoo. Mzaliwa wa mwisho huingiza mkono, hupachika vidole vyake, isipokuwa gumba, katika alama zilizoachwa na vidole vya marehemu ndani ya bega la mtungi, kisha husema, "Ni yeye." Hapo maji hutiwa, mjukuu mchanga huogeshwa, na jina la bibi hushuka juu yake. Lakini mtungi ukikataliwa hupasuliwa palepale kwa jiwe, na jina lile hapewi tena mtoto yeyote. Na tangu mkono uingie mtungini hadi maji yatiwe au mtungi upasuliwe, hakuna aruhusiwaye kuusaidia kwa neno.

Ambokile alikuja na mkewe na binti wa wiki saba, ambaye walimwita Mtoto tu, wakilingojea jina la bibi yake. Subilaga, dada mkubwa aliyebaki nyumbani akifinyanga, aliuleta mtungi akauweka katikati ya ua. Ambokile alisita.

"Ingiza mkono, baba, mtungi haung'ati," shangazi akamtania. "Au mjini mnakunywa kwa kuangalia?"

Watu wakacheka. Ambokile akaingiza mkono. Vidole vitatu vilipata njia zao mara moja. Cha shahada kilitafuta, kikagusa udongo mtupu usio na alama. Kikatafuta tena. Mbele ya macho yake alitokea yule mama wa picha ya sebuleni, mikono mizima, anatabasamu. Hakumwona mwingine. Akautoa mkono.

"Huu si wake," akasema. "Aliyeufinyanga alikuwa na kilema. Mama yangu alikuwa na vidole vyote."

Hakuna aliyecheka tena. Shangazi aliufunika mdomo kwa kiganja. Mjomba alimtazama Ambokile kwa muda mrefu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi, kisha akaliinua jiwe, kwa kuwa desturi ilimtaka aliinue.

Mtungi ulipokwisha kuvunjika, Subilaga alipiga magoti akaanza kuokota vigae. Sasa aliruhusiwa kusema.

"Ulikuwa na miaka miwili, mdogo wangu, ulipouendea moto wa kuchomea vyungu. Kidole hicho kiliungua akikutoa wewe. Alituapisha tusikuambie, usije ukaubeba mzigo wake."

Ambokile alikiokota kigae chenye alama tatu, akakishika kama alivyokishika kile kigutu siku za homa. Akafumba macho, akautafuta uso wa mama yake. Akaja yule wa picha. Akamfukuza, akautafuta tena. Akaja yule yule. Nyuma yake Mtoto alianza kulia, na mkewe akambembeleza bila jina la kumwitia.

Basi semeni ninyi: mama huyo alizikwa mara ya pili na nani, mashine ambayo haikumjua kamwe, au mwana aliyeliona kosa akalipenda?